Kwa nini hisa za Nairobi ziliporomoka mwaka 2008

KUPOROMOKA kwa bei katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) mwaka 2008 hutajwa na wengi kuwa ni matokeo ya msukosuko wa fedha wa Marekani. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika Septemba 15, 2008, wakati Nairobi ilikwisha kuyumba.

Kipimo cha bei za hisa za kampuni 20, kilichovuka pointi 6,000 Januari 2007, kilikuwa chini ya pointi 2,500 mwanzoni mwa Machi 2009.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007 yalitikisa biashara. Machi 2008, kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi maalumu, na imani ya wawekezaji wadogo ikapungua zaidi.

Lakini lililowaumiza watu wa kawaida ni hisa za Safaricom. Serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo, yaani hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa zaidi ya mara nne. Wengi waliuza hisa zao nyingine ili wapate fedha za kununulia. Wengine walikopa benki. Hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni Juni 9, 2008 na kupanda, kisha zikashuka chini ya shilingi 5 kabla ya mwaka kwisha.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaifahamu hali hiyo. Aliyeleta kontena kwa mkopo, akakuta jirani zake wote wameleta bidhaa ileile, siku ya rejesho hasubiri bei ipande. Huuza kwa bei yoyote.

Baada ya Lehman kuanguka, wawekezaji wa kigeni nao wakauza ili warejeshe fedha makwao.

Soko la Hisa la Dar es Salaam halikupata dhoruba ya namna hiyo. Hisa za Benki ya NMB, zilizouzwa kwa Sh600, ziliorodheshwa hapa Novemba 2008, katikati ya msukosuko huo. Hadi mwaka 2014, wageni hawakuruhusiwa kumiliki zaidi ya asilimia 60 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa, hivyo fedha zao za kukimbia zilikuwa chache. Wauzaji na wanunuzi nao walikuwa wachache: bei ilikaa palepale ubaoni, hata kwa mwenye hisa aliyehitaji ada ya mtoto siku hiyo hiyo.