Kwa nini taa ya bodaboda hufifia usiku

WAENDESHAJI wa bodaboda kati ya Garsen na Ngao, Kaunti ya Tana River, hubeba hata wagonjwa wanaopelekwa katika hospitali ya Ngao. Taa ya mbele ikizimika ghafla gizani, maisha ya watu huwa hatarini.

Aghalabu balbu si ya kulaumiwa. Balbu ya wati 35 katika mfumo wa volti 12 huhitaji takriban ampea 3 za umeme. Mwenye pikipiki akiongeza taa mbili za wati 18 kila moja kwenye waya uleule mwembamba, mzigo huongezeka maradufu. Waya hupata joto, plastiki yake huyeyuka na swichi huungua.

Njia salama ni kuziwekea taa za ziada waya mnene wa pekee kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu na upande wa chanya. Hapo swichi huamrisha rilei tu, nayo rilei ndiyo hupitisha umeme mwingi.

Waya wa hasi nao usisahaulike. Katika maeneo ya mafuriko kama delta ya Mto Tana, maji na tope huleta kutu pale waya unapofungwa kwenye fremu. Kutu huzuia umeme, taa ikafifia ingawa betri imejaa. Dawa yake ni kuikwangua, kukaza skrubu na kupaka grisi.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, kipande cha waya kisiwekwe mahali pake. Kukatika huko ni onyo la hitilafu, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.