Dalili na Chanzo: Jinsi Hitilafu za Mtandao Zinavyotafutwa

Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja duniani kote. Watu walizima simu na kuziwasha, wengine wakadhani bando limekwisha. Huduma zilirudi baada ya takribani saa sita.

Wataalamu wa nje waligundua upesi kwamba DNS, lile daftari la intaneti linalogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani, ilikuwa haijibu. Basi DNS ndiyo mbovu? Hapa sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Aristotle, aliyetofautisha kujua kwamba jambo liko hivyo na kujua kwa nini liko hivyo.

Maelezo ya kampuni yenyewe yalirudi nyuma zaidi. Katika matengenezo ya kawaida, ilitolewa amri ya kupima uwezo wa njia kuu zinazounganisha vituo vyake vya data. Amri hiyo ikakata njia zote. Programu iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. Seva za DNS zilikuwa nzima kabisa: zilipoona hazifikii vituo vya data, ziliacha kuutangazia ulimwengu mahali zinapopatikana, kama zilivyopangwa kufanya. Zilitii tu.

Kibaya zaidi, vifaa vya kuchunguzia hitilafu vilitegemea mtandao uleule uliokufa. Ni sawa na kufungia tochi ndani ya stoo yenye giza. Ikabidi mafundi wafike vituoni wenyewe, na milango ya vituo hivyo inalindwa vikali.

Katika huduma za wingu tatizo hili ni la kila siku. Ombi moja la mteja hupita katika huduma nyingi, kila moja ikingoja jibu la nyingine. Malipo yakikwama, ukurasa wa malipo ndio unaolaumiwa, kumbe iliyochelewa ni hifadhidata iliyo nyuma ya huduma ya nne. Mwaka 2010 Google ilieleza mfumo wake uitwao Dapper. Ombi linapoingia hupewa namba ya utambulisho, na kila huduma linakopita huandika namba hiyo pamoja na muda wa kuingia na kutoka. Ukikusanya kumbukumbu zenye namba moja, unaiona safari nzima. Mfumo hufuatilia sehemu ndogo tu ya maombi, kwa kuwa kuyaandika yote ni mzigo.

Hata hivyo, safari hiyo huonyesha ombi lilichelewa wapi, na swali la "kwa nini" hubaki kwa binadamu. Mafundi huanza kwa kuuliza: nini kilibadilishwa muda mfupi kabla? Swali zuri, ingawa kilichotangulia si lazima kiwe chanzo. Ndiyo maana mara nyingi hurudisha kwanza toleo la zamani la programu, kisha wakaangalia kama hitilafu inaondoka.