Kibarua Kilipoota Nyasi

Pengine utashangaa kuona muuguzi anaandika habari za televisheni. Nami nilishangaa Alhamisi moja mwanzoni mwa mwaka 2024, katika chumba cha chakula cha kanisa letu hapa Birmingham, Uingereza. Kila wiki sisi akina mama tunagawa mchele, unga, maharage ya kopo na sabuni kwa familia zilizokwama. Nimezoea kuwaona wazee, na wageni ambao bado hawajapata vibali. Sikutegemea kumwona dada mmoja wa kwaya yetu, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akituletea mifuko ya vitu vya kugawa.

"Sista," aliniambia kwa sauti ya chini, "tafadhali usimwambie mchungaji."

Wazazi wake walitoka Jamaika, yeye amezaliwa hapa hapa. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuwapamba waigizaji wa televisheni. Usifikiri ni poda na rangi ya midomo tu. Dada huyu alikuwa akitengeneza majeraha, michubuko, nyuso zilizoungua na macho ya mtu asiyelala. Mume wake ni seremala wa kujenga vyumba vya kuigizia. Wana watoto wawili shuleni.

Kazi ya heshima yakauka

Kwetu watu wengi hudhani kila afanyaye kazi ya televisheni ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Sivyo. Wapambaji, mafundi umeme, washonaji, maseremala, madereva na wapishi wengi ni vibarua wenye ujuzi. Huitwa kwa mchezo mmoja, wiki sita au kumi, nao ukiisha wanarudi nyumbani kusubiri simu. Hakuna malipo ya ugonjwa, wala kiinua mgongo.

Mwaka 2021 na 2022, baada ya kufungiwa ndani kwa sababu ya Uviko-19, kazi zilikuwa tele hata wakakosekana watu wa kuzifanya. Kisha mwaka 2023 mambo yakageuka. Matangazo ya biashara yakapungua. Ada ambayo nyumba nyingi hulipa kwa ajili ya BBC ilikuwa imesimamishwa na serikali pale pale paundi 159 kwa miaka miwili, huku bei ya kila kitu ikipanda. Na Marekani waandishi wa michezo waligoma siku 148 kuanzia Mei 2, na waigizaji wakagoma siku 118 kuanzia Julai 14. Kwa kuwa filamu nyingi za Kimarekani hupigwa Uingereza, mgomo wa ng'ambo ya bahari ulifunga milango ya hapa. Ulipokwisha Novemba, kazi hazikurudi kama zamani. Februari 2024 chama cha wafanyakazi kiitwacho Bectu kiliwauliza watu wa filamu na televisheni hali zao, na 68 katika kila 100 walijibu kwamba wakati huo hawakuwa na kazi.

Birmingham tuliliona pigo kwa macho. Mchezo wa Doctors, uliotengenezwa na BBC mjini humu tangu mwaka 2000, ulionyeshwa mara ya mwisho Novemba 2024. Holby City, mwenzake wa mambo ya hospitali, ulikuwa umekwisha Machi 2022. Sisi wauguzi tulikuwa tukiicheka michezo hiyo, maana wagonjwa wao hupona haraka mno na muuguzi hana hata fomu moja ya kujaza. Lakini ililisha nyumba nyingi.

Nyumba ya watu wawili wanaosubiri simu

Siku ile ya kwanza nilifanya kosa. Nilimshika mkono, nikaomba naye, nikamwambia Bwana atafungua mlango, kisha nikaenda zamu. Sikumwuliza kama analala. Muuguzi wa miaka yangu alipaswa kuuliza.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwao na kipimo changu cha presha. Kilisoma 168 kwa 102. Hapo ndipo aliponieleza. Mkataba wa mkopo wa nyumba yao ulikuwa umefika mwisho wakati ule ule riba ya Benki Kuu ilipopanda hadi asilimia 5.25, na malipo ya kila mwezi yakaruka. Mumewe alikuwa amekataa kazi ya kupeleka vifurushi, kwa hofu kwamba akionekana amekwenda kwingine hataitwa tena kwenye televisheni. Akishinda sebuleni, simu juu ya goti. Naye mama, kila asubuhi, alivaa vizuri, akabeba sanduku lake la rangi, akawaaga watoto kwamba anakwenda kazini. Alikwenda maktaba. Alikaa humo mpaka saa tisa alasiri. Miezi mitatu.

Nilimpeleka kwa daktari juma lile lile. Pia nilimpa namba ya simu ya Film and TV Charity, shirika la hisani la watu wa kazi hiyo, lililoanzishwa mwaka 1924, ambalo lina watu wa kuzungumza nao usiku na mchana. Alipiga mwenyewe. Mumewe hakutaka kupiga, wala sikumlazimisha.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuwaambia watoto. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na minne, aliwajibu kwamba alijua tangu zamani, maana sanduku la rangi halikuwa likichafuka.

Mikono yako inafanya nini?

Alikuwa amekwisha kuandika barua za maombi zaidi ya arobaini. Hakuna aliyemjibu, isipokuwa watu waliomwuzia kozi ya paundi mia tatu na cheti kisichotambuliwa popote. Akina mama, mtu aliyekosa kazi hunukia pesa kwa matapeli. Kozi yoyote inayodai malipo kabla hujajua ni mwajiri gani anaikubali, iache.

Aliyemfungua macho hakuwa mimi. Ni mama mmoja wa kikundi chetu, mstaafu wa ofisi ya shule. Alisoma zile barua, akaziweka mezani. "Mwanangu, sielewi hata neno moja la vyeo hivi. Usiniambie unaitwaje. Niambie mikono yako inafanya nini tangu unapoamka."

Akaeleza. Anaamka saa tisa usiku, saa kumi na moja yuko kazini. Anagusa nyuso za watu asiowajua, kwa upole, na wengine wana hofu au hasira. Anasafisha kila brashi ili ugonjwa wa macho usitoke kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anaandika na kupiga picha kila jeraha, ili kesho likae pale pale lilipokuwa leo. Anasimama saa kumi na mbili bila kulalamika.

Nikamwambia, mama, nusu ya hayo ndiyo kazi yangu wodini.

Aliomba kuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja, kwenye orodha ya wale wanaoitwa zamu zinapopungukiwa watu. Hakuhitaji diploma, mafunzo hutolewa kazini. Lakini uchunguzi wa polisi na barua za wadhamini vilichukua karibu miezi miwili, na wakati huo chumba cha chakula ndicho kilichowalisha. Zamu ya kwanza alilia chooni. Alikuwa ametengeneza vidonda mamia, hakuna aliyemwambia kwamba cha kweli kina harufu. Malipo ya siku yalikuwa chini ya nusu ya alichozoea. Hata hivyo yalifika kila mwezi, na presha ilianza kushuka.

Mlango mwingine ulifunguka kwa bahati. Enzi zetu tulijifunza kupiga sindano kwa kuchoma chungwa. Siku hizi wanafunzi wa uuguzi, madereva wa ambulensi na hata wanajeshi hufundishwa kwa majeraha ya bandia yaliyobandikwa juu ya mtu au mwanasesere, ili wasishtuke watakapokutana na damu yenyewe. Niliposikia mkufunzi mmoja akilalamika kwamba majeraha yao yanafanana na jamu, nilimtaja dada yetu. Alikwenda na sanduku lake, na jelatini, gliserini na nta. Kwa saa moja alitengeneza mguu ulioungua ambao mimi mwenyewe nilitaka kuufunga bandeji. Sasa huitwa mara mbili tatu kwa mwezi, kwa malipo mazuri. Amewavuta na waigizaji wawili anaowafahamu. Vyuo vya udaktari huwalipa watu waigize ugonjwa wakati wa mitihani, na muuguzi atokaye Kenya au Tanzania anaweza kukutana na mwigizaji wa namna hiyo katika mtihani wa vitendo wa kusajiliwa hapa.

Mumewe alichelewa zaidi. Mchungaji alihubiri juu ya Paulo kushona mahema kule Korintho, na tulipotoka nje baba huyu akaniambia, "Paulo hakuwa na mkopo wa nyumba." Sikuwa na jibu, na nadhani mchungaji naye asingekuwa nalo. Alikuwa ametangaza kuuza misumeno na randa zake. Mkewe alimkatalia, wakagombana siku mbili, na nasema wazi mama alikuwa na haki. Pesa za vyombo vya kazi huliwa kwa mwezi mmoja, kuvinunua tena ni mwaka. Mwishowe alipeleka vifurushi majira yote ya baridi. Hivi sasa anatengeneza makabati ya jikoni pamoja na fundi mmoja wa mtaani, na imembidi ajifunze upya. Ukuta wa televisheni hujengwa usimame wiki sita na upande mmoja tu uonekane. Mwenye nyumba anataka kabati la miaka thelathini, na anafungua kila droo.

Msomaji mwenye mume au kijana anayeishi kwa kazi za kuitwa, iwe ni kupiga picha za arusi, muziki au ujenzi, nakuomba kama muuguzi umtazame usingizi. Akiwa anaamka saa nane za usiku wiki nzima, amepoteza hamu ya chakula, au anasema nyumba ingekuwa nafuu bila yeye, usingoje kikao cha ukoo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwombee njiani.

Juzi simu ya televisheni iliita kweli. Wiki nne za kazi, Manchester. Dada yetu aliwajibu kwamba anaweza siku nne tu, zile ambazo hana zamu, nao wakakubali. Mumewe hakuzungumza naye jioni ile, kwa kuwa yeye angekwenda zote nne, na bado wanaliongea.

Jumatatu ana darasa la wakunga wanaojifunza kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Wameagiza damu lita mbili, na ameniomba sufuria yangu kubwa.