Viti 300 au 1,200: hesabu ya programu ya kusimamia miradi

Kampuni kubwa inapotaka kununua programu ya kusimamia miradi, mjadala huanzia kwenye majina: Asana, monday.com, Jira, Microsoft Project, Primavera. Wazabuni huja na maonyesho yao, kila mmoja na rangi zake na chati zake, na kamati hutoka ukumbini ikibishana ipi inapendeza zaidi. Bei zao zikiwekwa kwenye karatasi moja, jina la programu linageuka kuwa sehemu ndogo ya gharama. Tarakimu yenye uzito ni idadi ya watu watakaolipiwa, na hiyo mara nyingi haiulizwi siku ya maonyesho.

Hesabu zinazofuata ni za kampuni ya mfano ya Dar es Salaam, yenye wafanyakazi 1,200 wanaotumia kompyuta na miradi ya ujenzi, teknolojia na masoko kwa wakati mmoja. Dola imehesabiwa kwa Sh2,500, kiwango kilichochaguliwa kwa urahisi wa hesabu, baadaye kitahojiwa. Neno "kiti" hapa lina maana ya haki ya mtu mmoja mwenye jina kuingia kwenye mfumo kwa mwaka mzima. Awe anaingia kila asubuhi au hajaingia tangu alipopewa nywila, bei ni ileile. Bei zote ni za orodha, yaani zile ambazo wauzaji wamekuwa wakizitangaza hadharani miaka ya karibuni kabla ya punguzo. Mnunuzi mkubwa hupunguziwa, lakini kiasi cha punguzo hakitangazwi, kwa hiyo hakiwezi kuwa msingi wa hesabu.

Tuanze na Microsoft. Mpango wa ngazi ya tatu umeuzwa dola 30 kwa mtu kwa mwezi, sawa na dola 360 kwa mwaka. Wafanyakazi wote 1,200 wakipewa kiti, bili ni dola 432,000, ambazo ni Sh1.08 bilioni kila mwaka.

Sasa tugawe watu hao kwa kazi wanazofanya. Mameneja miradi na wapangaji ratiba wawe 60, hao wapewe kiti cha dola 30: dola 21,600 kwa mwaka. Viongozi wa timu wawe 240, wapewe kiti cha dola 10, ambacho kampuni hiyohiyo inakiuza: dola 28,800. Waliobaki 900 hawapangi chochote. Wanahitaji kujua kazi zao na kusoma ripoti, jambo linalowezekana kwa barua pepe na programu za ofisi ambazo tayari zimelipiwa. Jumla ni dola 50,400, yaani Sh126 milioni. Hiyo ni chini ya asilimia 12 ya bili ya kwanza, na hakuna aliyebadilisha programu.

Linganisha na tofauti ya jina. Kwa viti 300, Asana ya ngazi ya chini ya kulipia, dola 10.99 kwa mwezi kwa anayelipa kwa mwaka, inafika Sh98.9 milioni. Ngazi yake ya juu ya dola 24.99 inafika Sh224.9 milioni. monday.com iko katikati: dola 12 inazaa Sh108 milioni, dola 19 inazaa Sh171 milioni. Kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa katika kundi hili ni Sh126 milioni. Lakini ukichukua ngazi ya juu ya Asana peke yake na kuipeleka kutoka viti 300 hadi 1,200, bili inapanda kwa Sh674.7 milioni, zaidi ya mara tano ya pengo lote lililokuwa likibishaniwa.

Wapo wauzaji ambao viti vyao hununuliwa kwa mafungu. Mahitaji yakiwa 210 na fungu likiwa la 50, utalipia 250, na viti 40 vitakaa bila mwenyewe. Bei halisi ya kila kiti kinachotumika inapanda kwa asilimia 19 hata kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Muuzaji naye ana hesabu yake, na inastahili kusomwa kwa makini. Ahadi ya kawaida ni kwamba mfumo utaokoa asilimia 10 ya muda wa wafanyakazi. Tuipokee ilivyo. Watu 1,200 kwa siku 240 za kazi za saa nane ni saa 2,304,000 kwa mwaka. Asilimia 10 ni saa 230,400. Mfanyakazi anayeigharimu kampuni Sh2 milioni kwa mwezi, ukigawa kwa saa zake 173, anatoka takriban Sh12,000 kwa saa. Zidisha: Sh2.76 bilioni. Mbele ya tarakimu hiyo hata bili ya Sh1.08 bilioni inaonekana ndogo. Lakini saa 230,400 ni sawa na mwaka mzima wa kazi wa watu 120. Kama hakuna anayepunguzwa kwenye malipo ya mishahara, na hakuna kazi mpya inayotozwa mteja, akiba hiyo haipo kwenye akaunti yoyote. Mkurugenzi wa fedha ana haki ya kuuliza watu hao 120 wako idara gani.

Upande wa pili wa muda hautajwi kabisa: muda unaotumika kuulisha mfumo. Msimamizi wa eneo la ujenzi Chalinze anapiga picha ya nguzo iliyomwagwa zege na kuituma kwenye kundi la WhatsApp: "nguzo ya 14 tayari". Mhandisi ofisini anaiona, anaiingiza kwenye Excel yake. Ijumaa mratibu anaitoa kwenye Excel na kuiandika upya kwenye mfumo ili ripoti ya Jumatatu isome vizuri. Nguzo moja imeandikwa na watu watatu. Kama wenye viti 300 wanatumia dakika 15 kwa siku kwa kazi ya aina hii, ni saa 18,000 kwa mwaka, sawa na Sh216 milioni. Linganisha hiyo na Sh126 milioni za viti: kulisha mfumo kunagharimu zaidi ya kuununua. Programu itakayopunguza dakika 15 kuwa 10 ina thamani ya Sh72 milioni, na hilo linaweza kupimwa kwa saa ya mkononi kwenye majaribio ya wiki mbili. Sharti lilelile la mkurugenzi wa fedha linabaki: saa zikipungua bila kufanyiwa kitu, ni nafuu kwa mfanyakazi tu.

Kodi ndiyo sehemu ambayo kamati za teknolojia huiachia idara ya fedha, na idara ya fedha huipata mkataba ukiwa umeshasainiwa. Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye malipo ya huduma au mrabaha kwenda kwa asiye mkazi. Mkataba ukisema muuzaji apokee bei kamili bila makato, kodi inahamia kwa mnunuzi, na haiwi tena asilimia 15. Ili dola 50,400 zifike zikiwa kamili, lazima malipo yahesabiwe kuwa dola 59,294. Nyongeza ni dola 8,894, au asilimia 17.6, karibu Sh22.2 milioni. Kwa Kenya, ambako mrabaha kwa asiye mkazi hukatwa asilimia 20, kifungu kilekile cha mkataba kinazaa nyongeza ya asilimia 25. Juu yake kuna VAT. Kampuni ambayo mauzo yake yote yanatozwa VAT haiumii, lakini ile ambayo sehemu kubwa ya mauzo yake yamesamehewa inaweza kubaki na asilimia 18 isiyorudi: kwa Sh126 milioni, ni Sh22.7 milioni. Kodi hizi mbili kwa pamoja zinakaribia kufuta punguzo la asilimia 30 ambalo afisa ununuzi alilipigania kwa mwezi mzima.

Halafu kuna ile Sh2,500. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa takriban Sh2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka Sh2,600. Mkataba wa dola 50,400 uliongezeka kwa Sh13.6 milioni bila muuzaji kugusa bei. Jirani zetu Wakenya waliyumba zaidi: kutoka kama Sh124 za Kenya mwanzoni mwa 2023 hadi zaidi ya Sh160 Januari 2024, kisha kurudi karibu Sh130 miezi michache baadaye. Mkataba huohuo ungelipwa Sh6.2 milioni za Kenya katika tarehe ya kwanza na Sh8.1 milioni katika ya pili, tofauti ya asilimia 29. Aliyehuisha Januari na aliyehuisha Juni walinunua kitu kimoja kwa bei mbili. Kanuni za Tanzania za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni, hivyo wakala wa Dar es Salaam atakuandikia ankara ya shilingi. Hilo halimaanishi kwamba hatari imeondoka. Kama yeye anamlipa mwenye programu kwa dola, ameshaiweka ndani ya bei yake, na ni halali kumuuliza ametumia kiwango gani.

Programu huria, kama Redmine iliyoanza 2006 au OpenProject, hazina bei ya kiti mnapoziendesha wenyewe. Zina bei ya watu. Tuchukue wataalamu wawili kwa Sh3 milioni kila mmoja kwa mwezi, Sh72 milioni kwa mwaka, na seva pamoja na nakala rudufu Sh24 milioni. Jumla Sh96 milioni. Kiti cha Asana cha dola 10.99 ni Sh329,700 kwa mwaka, kwa hiyo mstari wa kugawanya uko kwenye viti 291. Chini ya hapo kukodi ni nafuu. Juu ya hapo kujiendeshea ni nafuu, na kwa viti 1,200 pengo linazidi Sh299 milioni kwa mwaka. Dhana dhaifu hapa ni wale wataalamu wawili. Wakitosha, hesabu inasimama. Mmoja akiondoka na mwingine akawa likizo, mfumo unakuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote.

Kwenye ujenzi mkubwa huenda uamuzi haumo mikononi mwa kamati hata kidogo. Mteja akiweka kwenye zabuni kwamba ratiba iwasilishwe kwa faili la Primavera, mjadala umekwisha kwa wapangaji ratiba, hata kama wengine wote watatumia kitu kingine. Oracle, iliyoinunua Primavera mwaka 2008, inajulikana kwa ada ya matunzo ya asilimia 22 ya bei ya leseni kila mwaka. Ndani ya miaka minne na nusu umeilipa leseni mara ya pili.

Bajeti za miaka mitano hudhani kwamba programu itakuwepo miaka mitano. Atlassian ilisitisha huduma kwa toleo la Jira la seva za mteja Februari 15, 2024. Microsoft imepanga kuifunga Project Online Septemba 30, 2026. Kuhama kuna bei: miradi hai 400 kwa saa sita kila mmoja, na siku mbili za mafunzo kwa watu 300, ni saa 7,200, au Sh86.4 milioni. Kwa hiyo ofa ya kuhamia kwingine kwa nafuu ya asilimia 20, yaani Sh25.2 milioni kwa mwaka, inahitaji miaka mitatu na miezi mitano kurudisha gharama yake. Mikataba mingi ya aina hii ni ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Kamati kwa kawaida hufunga haya yote kwenye jedwali la alama, na jedwali lina udhaifu wake. Programu A imepata 8 kwa uwezo, 5 kwa bei, 7 kwa huduma. B imepata 6, 9 na 6. Uzito ukiwa 50, 30 na 20, zote zinapata 6.9. Hamisha pointi tano kutoka bei kwenda uwezo: A inashinda kwa 7.05 dhidi ya 6.75. Zihamishe upande wa pili, B inashinda kwa alama zilezile. Mshindi ameamuliwa na aliyeandika uzito, na kama aliuandika baada ya bahasha kufunguliwa, alama hazina kazi.

Baada ya mwaka mmoja ipo ripoti ambayo karibu kila mfumo unaweza kuitoa: nani ameingia katika siku 90 zilizopita. Tuseme ni 180 kati ya 300. Wastani wa Sh420,000 kwa kiti unageuka Sh700,000 kwa kiti kinachotumika. Kama 120 wasioingia wote ni wa kiti cha dola 10, kuwaondoa kunarudisha Sh36 milioni kwa mwaka. Mikataba mingi huruhusu kuongeza viti siku yoyote, lakini kupunguza ni wakati wa kuhuisha tu, tena kwa notisi ya mapema. Ukiacha notisi ipite, mkataba unajihuisha na viti 300 vinaendelea kulipiwa hadi mwaka mwingine.