Mazoezi ya Mara Moja kwa Mwezi Hayatoshi Kudhibiti Kisukari

Tangu mwaka 2016, wananchi nchini Tanzania wamekuwa wakihamasishwa kufanya mazoezi ya viungo kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Siku hiyo ni ya kuhamasishana. Mwili unahitaji zaidi.

Misuli inapofanya kazi huchukua sukari iliyomo kwenye damu, hata pale homoni ya insulini inaposhindwa kufanya kazi ipasavyo. Manufaa hayo huendelea kwa siku moja hadi tatu hivi, kisha hufifia. Ndiyo maana wagonjwa wa kisukari aina ya pili hushauriwa wasipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, sawa na kutembea haraka nusu saa kwa siku tano. Kulima kwa jembe nako huhesabiwa.

Mgonjwa asiache dawa kwa sababu ya mazoezi. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza na awe na kitu kitamu karibu, kwani sukari inaweza kushuka ghafla.