Nahodha Aliyevunjika Mkono

Kwetu pwani neno nahodha lina uzito. Chombo kikipatwa na dhoruba, yeye ndiye wa mwisho kukiacha. Nimelikumbuka hilo kwa habari za Alan Prescott, mtu wa nchi kavu, ambaye jina hilo alilistahiki.

Prescott alizaliwa Widnes, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1927. Mchezo wake ulikuwa raga, lakini si ile ya watu 15 tuionayo Nairobi. Hii ni ya watu 13, iliyojitenga mwaka 1895 kwa ugomvi wa malipo: watu wa migodini na viwandani walitaka kufidiwa ujira walioupoteza kwa kwenda kucheza. Alianza Halifax, akicheza pembeni, kisha akahamia St Helens, mji wa viwanda vya vioo, na huko akawekwa safu ya mbele penye misukumano. Mwaka 1956 aliiongoza St Helens kulitwaa Kombe la Challenge kwa mara ya kwanza, 13–2, na walioshindwa ni Halifax hao hao.

Lakini linalosimuliwa hadi leo ni la Brisbane, Australia, tarehe 5 Julai 1958. Waingereza walikwisha kushindwa mechi ya kwanza, 25–8. Wangeshindwa na hii, mashindano yamekwisha. Dakika chache tu tangu mchezo kuanza, mkono wa kulia wa Prescott ukavunjika. Siku zile hapakuwa na mchezaji wa akiba: atokaye hana badali. Punde Dave Bolton naye akavunjika mtulinga, akatoka. Wakabaki 12, mmoja wao wa mkono mmoja!

Prescott hakutoka. Alikaba kwa bega na mkono wa kushoto, ule mwengine ukining'inia, mpaka firimbi ya mwisho. Vince Karalius, mtu wa mbele, alihamishwa akashika nafasi ya Bolton. Wakashinda 25–18.

Nikiisimulia barazani, vijana hushangilia. Mimi, ambaye ni baba wa watoto, huufikiria ule mkono, na nasema wazi kwamba mwanangu ningemtoa. Maana mechi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake katika timu ya taifa.

Mechi ya tatu, huko Sydney, wenzake walishinda 40–17 wakachukua ushindi wa mashindano yote. Prescott alikuwa nje ya uwanja.