Bangi Haipigi Gitaa: Utanzu wa Muziki Hutambulikanaje?

Huko Marekani kuna muziki uitwao stona roki, jina ambalo kwa Kiswahili cha mtaani ni kama kusema "roki ya wavuta bangi". Mhakiki aliyelelewa na kanuni ya fani na maudhui atakimbilia maudhui: basi ni nyimbo za kusifu bangi! Hapo ndipo tunapotaka kumsimamisha.

Hebu tusikilize kwanza. Bendi ya Kyuss ilitoka Palm Desert, California, sehemu ya jangwa ambako vijana walibeba jenereta wakaenda kupiga muziki mchangani. Katika albamu ya Blues for the Red Sun (1992) nyuzi za gitaa la Josh Homme zimelegezwa mno, na gitaa lenyewe limechomekwa kwenye amplifaya ya besi. Sauti inatoka nzito, yenye mikwaruzo. Pigo moja linarudiwarudiwa mpaka msikilizaji anazama. Maneno? Mara nyingi yamefunikwa. Mnyime mhakiki wetu karatasi ya mashairi, hana la kusema, ilhali muziki unatambulika vilevile.

Wala uzito huo haukuletwa na bangi. Babu wa sauti hii ni Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatika ncha za vidole viwili kiwandani. Baadaye akalegeza nyuzi ili vidole visipate taabu, na sauti ikashuka. Wimbo wa kusifu bangi wanao, wa mwaka 1971, lakini fani imechangiwa na jeraha la mfanyakazi. (Wenzetu wa uhakiki wa Kimarx watafurahi.)

Sasa turudi nyumbani. Mpenzi wa dansi pale Kasingirima hahitaji kusomewa maneno ndipo atofautishe Msondo na Sikinde. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, akaingia Mlimani Park 1978, na mwaka 1985 akawa Safari Sound na mtindo wao wa Ndekule. Koo lile lile, mitindo mitatu! Kwa hiyo mwimbaji siye kipimo. Tutege sikio kwenye mazungumzo ya solo, ridhimu na besi, namna tarumbeta zinavyodakia, na pale kisa kinapoachia njia chemko, watu wakainuka vitini.

Jina nalo lisitudanganye. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo kabla ya kuwa mtindo wa bendi. Vijana Jazz wamepita Koka Koka, Takatuka hadi Pambamoto. Jina huita watu ukumbini, basi.

Kwa sisi wa Kigoma jambo hili si la mzaha, maana tumechoka kuambiwa eti dansi letu ni Kongo iliyovuka ziwa. Mchukueni Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma, na "Dada Asha" aliyoimba na Tabora Jazz. Mmoja atasoma maneno aseme ni wimbo wa mapenzi. Mwingine atasikia gitaa sekunde kumi aseme ni Kongo. Magitaa yamevuka, hatukatai. Lakini hakuna kati yao aliyengoja aone kisa cha Kiswahili kinashikilia wimbo muda gani kabla ya chemko, na magitaa yanakisubiri vipi. Semina zetu bado zinatugawia mashairi ya nyimbo yaliyopigwa chapa tu. Jamani, mtugawie na sauti.